Unatarajia Kuhama? Usipakie Mifugo Kabla ya Kusoma Hapa

Kama unasubiri barua ya uhamisho, au mwenye nyumba ameanza kudokeza kwamba anakitaka kiwanja chake, kuanzia leo usinunue kuku, bata wala mbuzi mwingine. Usipokee hata jogoo wa zawadi kutoka kijijini. Na usingoje gari lifike mlangoni ndipo uamue nani aende na nani abaki. Amua sasa, ungali na wiki tatu za kuwatazama wanyama wako, kwa sababu maamuzi ya dakika ya mwisho ndiyo yanayovusha magonjwa kutoka wilaya moja hadi nyingine.

Tunajua inavyokuwa. Barua inatoka, muda wa kuripoti ni mfupi. Usiku wa kuamkia safari kuku wanakamatwa wakiwa wamelala na kusokomezwa kwenye tenga moja na bata. Mbuzi wanafungwa miguu na kupakiwa juu ya magodoro, Fuso inaondoka. Waliokosa nafasi wanapelekwa gulioni kwa bei ya kutupa. Hakuna aliyeuliza nani kati yao ana chanjo, nani aliingia bandani juzi, nani alikuwa anakohoa.

Watu wengi hupenda kuhama wakati wa kiangazi, barabara zikiwa kavu, na kiangazi ndicho msimu wa kideri, ambacho wengine mnakiita mdondo. Kuku mwenye kideri hujitenga kwenye kona, manyoya yamemsimama, mabawa yameshuka, anahema mdomo wazi na kuharisha kijani. Baadhi yao shingo hupinda mpaka kichwa kikaelekea mgongoni. Dalili hizo hazichelewi kutambuliwa na mfugaji yeyote. Hatari iko kabla hazijaonekana. Tangu virusi vimwingie kuku mpaka aanze kuumwa zinaweza kupita siku 2, zinaweza kupita hata 15. Kwa hiyo tetea anaweza kuondoka Kondoa akidonoa mtama vizuri kabisa, akaanza kusinzia Kilosa, katikati ya kuku wa jirani ambaye hata jina lako hajalijua. Katika kundi lisilochanjwa, kideri kinaweza kuua karibu wote.

Hapo ndipo wengi wanapokosea kuchagua. Kuku wakifa, bata wakabaki wazima, familia inasema bata ni wagumu, tuhame nao. Bata anaweza kubeba virusi vya kideri bila kuonyesha ugonjwa wowote, na kuvitoa kwa kinyesi chake mahali penye kuku wa watu. Kuku aliyeugua akapona naye asihesabiwe kuwa ndiye mwenye nguvu. Anaweza kuendelea kutoa virusi kwa muda baada ya kuinuka. Kama banda lako lilipata vifo hivi karibuni, waliosalimika ndio wa kwanza kubaki. Njiwa nao wasiachwe nje ya hesabu hii.

Kinga ipo, na si ghali. Chanjo ya I-2, inayovumilia joto kuliko chanjo nyingi za kideri, hutengenezwa Kibaha. Ni tone moja kwenye jicho moja, kifaranga na jogoo sawasawa, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Ila mwili wa kuku unahitaji kama wiki mbili kujenga kinga, na chanjo haimponyi ambaye tayari ameambukizwa. Kuchanja asubuhi ya safari ni kujidanganya. Kama hujui utahama lini, chanja wiki hii, kisha uendelee na ratiba yako. Ukibaki hapohapo hujapoteza kitu.

Kwa mbuzi na kondoo, ugonjwa wa kuuogopa ni sotoka yao. Sotoka ya ng'ombe ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011. Hii ya mbuzi na kondoo, iliyothibitishwa Tanzania mwaka 2008, bado ipo, na dunia imejiwekea lengo la kuimaliza ifikapo 2030. Mnyama hupata homa kali, machozi na makamasi mazito yanayogandia puani, vidonda mdomoni, kisha anaharisha na kuhema kwa shida. Wenye mimba hutupa. Chanjo yake moja hulinda kwa miaka isiyopungua mitatu, hivyo mbuzi aliyechanjwa na kumbukumbu zake zikaandikwa ndiye wa kwanza kupewa nafasi kwenye gari. Mbuzi uliyemnunua mnadani mwezi huu, hata awe mnono kiasi gani, asiende.

Mbuzi naye anaweza kuwa ndiye anayekwenda kudhurika. Aliyekulia kwenye baridi, ambako kupe ni wachache, akishushwa kwenye nyika za joto anaweza kukutana na maji moyo, ugonjwa unaoenezwa na kupe, ambao mwili wake haujawahi kuujua. Kabla hujamchagua, mpigie simu bwana mifugo wa kata unayokwenda, umuulize ni kupe gani wako huko na wenyeji wanaogesha mara ngapi. Muulize pia sheria ndogo za halmashauri, maana mijini kuna mahali hutaruhusiwa kufuga. Jike lenye mimba pevu lisisafirishwe. Beberu unaweza kumwacha. Wa kupandisha utampata huko.

Kuhusu nguruwe sina maneno mawili: usihame nao. Homa ya nguruwe ya Afrika haina tiba, inaweza kuua karibu zizi zima, na virusi vyake huishi hata ndani ya nyama, kwa hiyo mabaki ya jikoni yanatosha kuambukiza zizi jingine. Kama ni wazima na eneo lako halina ugonjwa, wauze mapema wachinjwe hapohapo baada ya kukaguliwa. Wilaya ikiwa chini ya karantini, hawatoki, wala nyama yao haitoki.

Sungura wanasafirishika ila joto huwaua haraka. Wasafiri usiku, kwenye kizimba chenye hewa. Kanga waache, watapotea siku ya kwanza. Na mbao za banda la zamani usizipakie hata kama bado nzuri: papasi wa kuku hujificha kwenye nyufa na anaweza kukaa miezi mingi bila kula, akisubiri banda jipya.

Kuna jambo linaloniuma kuliko yote. Kuku mmoja au wawili wakianza kusinzia, mwenye banda anakimbilia gulioni na waliobaki kabla hawajafa. Anayewanunua mara nyingi ni mama anayeanza ufugaji kwa akiba yake ndogo. Wiki mbili baadaye hana kuku, na jirani zake hawana. Hiyo si biashara, ni kumhamishia mwenzako msiba kwa kujua.

Wale uliowachagua wanahitaji kibali cha kusafirisha mifugo, na hili ni takwa la Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003. Usikione kibali kama usumbufu wa barabarani. Ili ukipate, mtaalamu lazima awaone wanyama wako, na jicho lake laweza kukuokoa. Ukifika, wafungie peke yao kwa siku 21, na chombo chao cha maji, mbali na mifugo ya jirani. Kama una wengine huko, hudumia wenyeji kwanza, wageni mwisho, kisha osha mikono na viatu.

Na kama unasoma haya huku kuku wako wameanza kusinzia, safari yao imeishia hapo. Usihamishe yeyote, usiuze hata mmoja, usimpe mtu kitoweo. Funga banda, wafukie waliokufa kwenye shimo refu ambalo mbwa hawezi kulifukua, na umpigie bwana mifugo wa kata yako leo hii.