Kabla ya Dhoni, Engineer
Na Mwinchande Rashidi

Vijana wakiulizwa kuhusu walinda wiketi wa India katika kriketi, wa kwanza kutajwa ni Mahendra Singh Dhoni, na hawakosei: ndiye nahodha aliyetwaa Kombe la Dunia mwaka 2011. Lakini kudai kwamba kabla yake mlinda wiketi wa India alikuwa mdakaji tu ni kumdhulumu mzee Farokh Engineer.

Mparsi huyu, mzaliwa wa Bombay mwaka 1938, aliichezea India mechi 46 za Test kati ya 1961 na 1975. Januari 1967, mjini Madras, West Indies walikuja na Wes Hall, Charlie Griffith, Garfield Sobers na Lance Gibbs, warushaji waliowanyima watu usingizi. Engineer alitangulia kuingia kupiga. Wachezaji walipokwenda kula chakula cha mchana, alikuwa na mikimbio 94. Asubuhi moja tu! Alitolewa akiwa na 109.

Kazi yake nyuma ya wiketi, hata hivyo, haipimiki kwa hesabu. Kumbukumbu zinaonyesha alidaka mara 66 na kuwatoa wapigaji 16 kwa kuwaangushia vijiti walipotoka mstarini. Hazionyeshi ugumu wa kumdakia mrushaji mwenzake wa India, Bhagwat Chandrasekhar, ambaye mkono wake wa kulia ulidhoofishwa na polio utotoni, na kwa mkono huohuo akarusha mipira ya kuzunguka yenye kasi ya ajabu. Mlinda wiketi amechuchumaa nyuma ya vijiti, hana kofia ya kumkinga, mpigaji amemziba. Mpira unatua na kukata upande asioujua. Agosti 1971, katika uwanja wa The Oval, London, Chandrasekhar aliwatoa Waingereza sita kwa mikimbio 38, na Engineer ndiye aliyekuwa nyuma ya vijiti. India ilipofukuzia 173, alibaki uwanjani na 28 zake hadi India ikapata ushindi wake wa kwanza wa Test katika ardhi ya Uingereza.

Klabu ya kriketi ya Lancashire ya Uingereza, aliyoichezea kuanzia 1968, imeliweka jina lake pamoja na la mchezaji mwenzake Clive Lloyd kwenye jukwaa la uwanja wake wa Old Trafford.

Nasi wa Afrika Mashariki tuna kumbukumbu yake. Juni 11, 1975, mjini Leeds, katika Kombe la Dunia la kwanza, timu ya Afrika Mashariki yenye wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia ilicheza na India, ikatolewa yote kwa mikimbio 120. Sunil Gavaskar akapiga 65, Engineer 54, hakutolewa hata mmoja. Mchezaji bora wa mechi alikuwa Engineer, akiwa na umri wa miaka 37.