Jicho Lisilojua Nia

Enyi wazazi na vijana, katika pori la akiba la Grumeti, jirani na Serengeti, zilijaribiwa kamera ndogo zenye akili mnemba, ziitwazo TrailGuard. Kamera hiyo hufichwa kando ya njia. Kipitapo kitu hukitazama, na ikiwa ni mtu wala si mnyama, huwapelekea askari picha yake upesi. Habari hizo zilipotangazwa mwaka 2019, ilielezwa kuwa majangili 30 walikwisha kamatwa kwa msaada wake.

Hili ni jema, kwani wanyama ni amana ya Mwenyezi Mungu mikononi mwetu. Lakini sisi watu wa Tanga, tulio jirani na hifadhi za Saadani na Mkomazi, yatupasa kuuliza: mtambo humwona mtu, je, huijua nia yake? Mjane aokotaye kuni mpakani, mchunga atafutaye ng'ombe aliyepotea na jangili mwenye mtego, wote kwake ni mtu tu.

Sura ya Al-Hujurat yatuamrisha kuhakikisha habari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, na humo humo yatukataza kupelelezana. Basi picha na iwe mwanzo wa kuuliza, isiwe hukumu. Kamera na zikae ndani ya hifadhi, zisielekezwe visimani wala majumbani; na picha ya asiye na kosa na ifutwe. Siku ya Hesabu hautaulizwa mtambo. Ataulizwa aliyeutega, na aliyehukumu kwa picha yake.