Tochi ya Kichakani Inamwokoa Nani?

Juzi nilikuwa kwenye basi narudi chuo. Tumefika kipande kilichonyooka, alizeti kulia, alizeti kushoto, hakuna nyumba hata moja, basi likasimamishwa. Askari akamwonyesha dereva simu. Ndani yake kuna picha ya basi letu na namba 62. Picha ilipigwa nyuma huko na mwenzake ambaye hakuna abiria aliyemwona.

Dereva akauliza kwa upole, "Afande, kibao cha hamsini kilikuwa wapi?"

"Kama unabisha, twende mahakamani."

Konda akaangalia saa. Abiria nao wakaanza kelele, tena si kwa askari bali kwa dereva: "Lipa bwana twende, tunachelewa!" Akakubali kosa. Elfu thelathini. Tulipoondoka, alikanyaga mafuta mpaka tukashika viti, anafidia muda aliopoteza.

Nikabaki najiuliza: ile elfu thelathini imemwokoa nani?

Najua jibu ambalo wengi wetu humu tunalo mdomoni: tochi ni mradi wa serikali ya CCM wa kukamua wananchi. Ukisema hivyo kwenye mkutano unapigiwa makofi. Leo naomba niwakwaze kidogo, ndugu zangu. Jibu hilo ni nusu ya ukweli, na nusu tunayoiacha ndiyo inayozika watu.

Tuwe wakweli, mwendo unaua. Shirika la Afya Duniani linasema wastani wa mwendo ukipanda kwa asilimia 1 tu, hatari ya ajali ya kuua inapanda kwa takriban asilimia 4. Mtembea kwa miguu akigongwa na gari, hatari ya kufa inaongezeka mara 4.5 mwendo ukitoka kilomita 50 kwa saa kwenda 65. Kwa hiyo ile 50 ya maeneo ya makazi iliyomo kwenye Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, haikutoka hewani. Wala ile 80 ya mabasi na malori makubwa.

Mimi sihitaji takwimu kulijua hilo. Nimesoma shule ya msingi iliyo pembeni ya barabara kuu. Darasa la tano, rafiki yangu tuliyekuwa tunakaa dawati moja aligongwa asubuhi akivuka kuja shule. Nakumbuka daftari lake la hesabu lilibaki kwenye begi langu, nililiazima jana yake. Baada ya mazishi wazazi walikwenda ofisi moja hadi nyingine, na baada ya miezi kadhaa yakaja matuta. Tangu siku hiyo mpaka namaliza darasa la saba, hakugongwa mtoto mwingine pale.

Tuta halina risiti. Haliingizi hata senti hazina. Lakini liko kazini saa 24, mvua na jua, na dereva analiona kabla hajalifikia. Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya kulinda watu na kukusanya hela. Mwenye nia ya kukupunguzia mwendo anataka umwone mapema. Anayejificha anakusubiri ukosee kwanza.

Na madereva wamelijua hilo siku nyingi. Wanawashiana taa: "kuna tochi mbele." Wote wanatembea kama maharusi kwa nusu kilomita, wakishavuka ni mbio zile zile. Tabia haijabadilika, kilichobadilika ni salio la mtu.

Sasa tuje kwenye sheria, maana ndiyo ninayosomea. Faini ya papo kwa papo imewekwa kwa ajili ya mtu anayekubali kosa. Asiyekubali ana haki ya kwenda mahakamani. Ibara ya 13(6) ya Katiba inampa kila mtu haki ya kusikilizwa, na inakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitika. Kwenye karatasi mambo ni mazuri. Barabarani je? Dereva mwenye abiria hamsini nyuma, tajiri anayempigia simu, na mahakama iliyo wilaya nyingine, ana uchaguzi gani? Yule dereva wetu hakukubali kosa. Alikubali kuendelea na safari. Na kibao alichokiulizia hatujui mpaka leo kama kilikuwepo au kiling'olewa na wauza vyuma chakavu.

Mbaya zaidi ni namna tunavyopima kazi. Miaka ya 2016 na 2017 tulizoea kusikia polisi wa Dar es Salaam wakiwatangazia waandishi wa habari mamilioni yaliyokusanywa kwenye makosa ya barabarani, kama vile ni mavuno. Ukimpima askari kwa shilingi, atakuletea shilingi. Atasimama kwenye alizeti ambako kila gari linapita 60, hatasimama getini kwa shule.

Uingereza nao walipita humu humu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 waliruhusu mamlaka za maeneo zirudishiwe gharama za kamera kutoka kwenye faini, na wananchi wakalalamika kwamba wanachunwa. Masharti yakawekwa: kamera ionekane, ipakwe rangi ya njano, na iwekwe mahali penye rekodi ya ajali mbaya. Mwaka 2007 mpango wa kulipia kamera kwa faini ukafutwa kabisa. Hawakuondoa kamera. Waliondoa kishawishi.

Na sisi vifaa tunavyo. Mabasi ya masafa marefu yamefungwa mfumo wa LATRA wa kufuatilia mwenendo wa gari, unaoonyesha mwendo wa basi safari nzima. Tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku. Saa nane ya usiku kichakani hakuna mtu, lakini mfumo unaona. Kama lengo ni roho zetu, kwa nini nguvu zote ziko kwenye kuvizia mchana?

Kwa hiyo tudai nini? Tochi zikae wazi, pale palipo na shule, zebra na rekodi ya ajali. Kila notisi ya faini iwe na picha, saa, mahali, umbali kutoka kibao kilipo, na tarehe kifaa kilipohakikiwa. Dereva anayebisha apewe tarehe ya mahakama aendelee na safari, asichaguliwe kati ya haki yake na abiria wake. Ripoti ya mwaka ianze na idadi ya waliookolewa na waliokufa, si shilingi. Na kwa kuwa faini ni mapato ya umma, wabunge waulize ni kiasi gani kimerudi kwenye matuta, alama na vivuko.

Kwetu sisi wenyewe nina ombi moja: tusiahidi kung'oa tochi tukishika dola. Ni ahadi rahisi na ya uongo. Wanaokufa barabarani ni wapiga kura wetu: bodaboda, mama wa genge anayevuka na beseni, mtoto wa darasa la tano.

Wiki hii fanya kitu kidogo. Pita barabara kuu ya kwenu, angalia kibao cha 50 kipo, na mbele kipo kinachoonyesha eneo limeisha? Mbele ya shule kuna zebra inayoonekana? Kama hakuna, piga picha, andika barua kwa TANROADS mkoa, nakala kwa diwani na mbunge. Ihifadhi nakala yako yenye mhuri wa kupokelewa. Wazazi wa pale shuleni kwetu walizungushwa miezi ile yote, lakini tuta likaja.