Kiharusi si Mwisho wa Kazi

Ndugu akipatwa na kiharusi hapa Kiabakari, kumlaza ndani na kumtafuta mchawi ni kumzika mtu hai. Chembe za ubongo zilizokufa hazifufuki, lakini zilizo nzima huweza kujifunza kazi ya zile zilizokufa, mradi mkono uliopooza utumiwe tena na tena kila siku, hasa katika miezi ya kwanza.

Basi mgonjwa apelekwe hospitali upesi, afundishwe na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, nasi nyumbani tuyaendeleze: kushika kikombe, kufunga kifungo, kutembea hadi mlangoni.

Serikali nayo twaitaka iwasogeze wataalamu hao vijijini. Safari ya Musoma kila juma si jambo jepesi kwa aliyepooza mguu.