Roboti inahitaji fundi: je, atatoka kwetu?



Mwisho wa mwaka wa masomo, baba mmoja wa kanisa letu hapa Pepa alitujia na swali. Mtoto wake amefaulu mtihani wa taifa, naye yuko tayari kuuza ng'ombe wawili kusudi kijana aende Lubumbashi kusoma. Lakini kijana anasema anataka kujifunza kutengeneza roboti. Baba akatuuliza: "Pasta, hiyo ni kazi ama ni mambo ya sinema?"

Hatukucheka. Sisi watu wa Marungu tunajua thamani ya ng'ombe. Jamaa nyingi zilirudi kutoka kambi za Zambia mikono mitupu, zikaanza tena na ndama mmoja. Kuuza ng'ombe kwa ajili ya masomo ni shauri la nyumba nzima, na swali la namna hiyo linastahili jibu la kweli.

Jibu la kwanza ni kwamba hiyo ni kazi, na katika nchi yetu imekwisha kuanza. Mwaka 2013, wakaaji wa Kinshasa waliona roboti zikiongoza magari kwenye makutano ya barabara. Zilibuniwa na injenia Thérèse Izay Kirongozi pamoja na shirika lake, Women's Technology. Zilikuwa na urefu wa mita 2 na nusu hivi, mwili wa aluminiamu, na zilitumia nguvu za jua. Ziligeuka, ziliinua mikono, ziliwasha taa nyekundu na kijani kama polisi wa barabarani. Hazikuagizwa kutoka Ulaya. Ni kazi ya akili za Wakongomani, na aliyewaongoza ni mama.

Mfano wa pili uko mashariki. Katika mgodi wa dhahabu wa Kibali, jimbo la Haut-Uélé, mashine kubwa za kubeba mawe hutembea chini ya ardhi bila dereva ndani yake. Mtu mmoja ameketi juu, mbele ya skrini, na anaweza kusimamia mashine hadi 5 kwa wakati mmoja.

Tupime maana ya jambo hilo. Mashine 5 za zamani zilitaka madereva 5 kila zamu. Leo anatosha mmoja. Lakini mashine hizo zikiharibika, hazijitengenezi zenyewe. Kazi ya dereva inapungua, kazi ya fundi inabaki. Nasi katika jimbo letu la Tanganyika tunayo Manono na litiamu yake, ambayo makampuni makubwa yanaigombea. Vijana wetu wengi wanaamini kwamba nguvu za mikono na chepeo zitawalisha siku zote. Hatusemi mashimo ya wachimbaji wadogo yatafungwa kesho. Tunasema kwamba njia inakoelekea inaonekana, na asiyejiandaa atabaki kuangalia kutoka nje ya uzio.

Fundi wa roboti anafanya nini hasa? Roboti ina sehemu tatu: vifaa vya kuhisi, kama vile kamera; kompyuta inayoamua; na mota zinazosukuma mikono ama magurudumu. Roboti ikisimama, fundi anatafuta ni sehemu gani inayougua, kama muuguzi anavyompima mgonjwa kabla ya kumpa dawa. Anapima umeme, anasoma michoro ya nyaya, anabadilisha kifaa, anakagua programu. Kwa hiyo mlango wa kazi hii si roboti yenyewe. Mlango ni hesabu, fizikia, umeme na mekanika.

Hapo ndipo jibu la pili, lililo chungu, linapotuhusu sisi viongozi wa makanisa. Tumefungua shule nyingi, na tunamshukuru Mungu. Lakini mara nyingi tunachagua seksioni inayohitaji ubao na chaki tu, kwa sababu atelie inataka vyombo na umeme. Hatuwalaumu walimu, ambao wanavumilia mengi. Tunajilaumu sisi ambao mchango wa bati la kanisa tunaupata, lakini mchango wa atelie hatujawahi hata kuutangaza.

Tumsahau Bezaleli? Kitabu cha Kutoka kinatueleza kwamba Mungu alimjaza Roho wake ili afanye kazi ya dhahabu, fedha, shaba, mawe na mbao. Tena, yeye na Oholiabu walipewa moyo wa kufundisha wengine. Ufundi wa mikono ni karama. Si kimbilio la walioshindwa masomo, kama wazazi wengine wanavyosema.

Lakini tusiwadanganye vijana. Kazi za roboti nchini bado ni chache, na diploma peke yake haifungui lango la kampuni. Ndiyo maana tunashauri kuanza na umeme na mekanika. Huo ni ufundi unaolisha hata hapa kijijini: mashine za kusaga, paneli za jua, pampu za maji, pikipiki, friji ya chanjo ya kituo cha afya. Kazi ya roboti ikija, atakuwa tayari. Ikichelewa, mikono yake haitakuwa mitupu.

Wandugu, kila kanisa mahalia linaweza kuanza na kitu kidogo: kumwomba fundi mmoja mwaminifu awapokee vijana wawili, wa kiume na wa kike, na kuwanunulia kipimo cha umeme na bisibisi.

Yule baba aliuza ng'ombe mmoja. Wa pili amemwacha zizini. Alituambia: "Huyu ni wa sanduku la vyombo, siku atakapomaliza."