MAONI: Uza mtama kama chakula, usiuuze kama dawa ya sonona

Mfanyabiashara wa nafaka wa Singida anajua kwamba mahindi yakijaa sokoni, mtama na uwele hukosa wa kuvigombea. Sasa kuna hoja mpya inayomvutia: kwamba bakteria waishio utumboni huathiri ubongo, hata sonona. Je, hapo pana soko?

Hoja yenyewe si ya mitaani. Utumbo na ubongo huwasiliana kwa mishipa ya fahamu, kwa damu na kwa kinga ya mwili. Mwaka 2019 watafiti wa Ubelgiji walipima zaidi ya watu 1,000, wakakuta wenye sonona wana upungufu wa aina fulani za bakteria. Kwetu, Wahadzabe, ambao baadhi yao wako Mkalama, mwaka 2014 walikutwa na bakteria wa aina nyingi kuliko Waitalia waliolinganishwa nao. Na mwaka 2025 ilitangazwa matokeo ya Kilimanjaro: wanaume 77 walishiriki, na chakula cha asili pamoja na kinywaji cha ndizi kilichochachushwa vilipunguza dalili za uvimbe mwilini.

Lakini tusome hesabu yote, tusiishie kwenye mapato. Utafiti wa Ubelgiji hauoneshi kipi kilitangulia, upungufu au ugonjwa. Ule wa Wahadzabe na ule wa Kilimanjaro haikuhusu sonona. Hakuna aliyethibitisha kwamba togwa au ugali wa mtama unaponya sonona.

Kwa hiyo anayebandika maneno hayo kwenye pakiti anakopa asichoweza kulipa. Mgonjwa akiacha dawa za hospitali kwa kumwamini, hasara ni ya uhai. Isitoshe, TBS husimamia chakula na TMDA husimamia dawa. Chakula kikinadiwa kama tiba, mwenye mali amejiingiza mwenyewe matatani.

Biashara halali ipo. Nafaka isiyokobolewa ina nyuzinyuzi, ambazo ni chakula cha bakteria wa utumboni. Hilo ni kweli na linatosha kuandikwa. Tuondoe mchanga na mawe, tupange madaraja, tufungashe vizuri, tuwatafute walaji wa mijini. Bei hupanda kwa mali safi na kwa neno la kuaminika. Mteja aliyedanganywa mara moja harudi dukani, na huondoka na jirani zake.