Ufa Huu ni wa Nani?

Kila Mkenya aliyepita darasa la nne anaijua: usipoziba ufa utajenga ukuta. Tuliiandika kwenye insha, tukapewa alama, tukaenda nyumbani. Lakini hakuna mwalimu aliyewahi kutuuliza swali ambalo mimi naulizwa kila mwisho wa mwezi: ufa wenyewe ni wa nani?

Naishi Sotik, kwenye jengo la orofa tatu upande wa kuelekea Kaplong. Nyumba ni 12. Zilijengwa na walimu sita waliochanga pesa kwenye chama chao, kila mmoja akachukua mbili. Wawili wanaishi humu humu. Wengine wamepangisha, na wao wenyewe wako Nairobi, Eldoret na Bomet mjini. Mimi ndiye msimamizi, keateka ukipenda. Niliacha chuo kikuu mwaka wa pili karo ilipokwama, nikarudi nyumbani, na siku hizi naandikia watu makala kwa malipo ya vipande vipande. Chumba changu kiko chini ya ngazi na silipi kodi. Badala yake nakusanya mchango, naita fundi, na natukanwa.

Mchango ni shilingi 1,500 kwa kila nyumba kwa mwezi. Wote wakilipa ni 18,000. Soja wa usiku anapata 9,000, mshahara ambao sioni fahari kuutaja. Mama anayeosha ngazi na kutoa taka, siku tatu kwa wiki, anapata 4,500. Tokeni za stima ya pampu na balbu za ngazi ni kama 2,500. Zinabaki 2,000 za akiba ya lori la kunyonya choo. Hii nayo ni hesabu ya darasa la nne.

Mwezi uliopita zililipa nyumba saba. Hiyo ni 10,500. Soja nilimlipa, maana asipokuja tutaibiwa. Zilizobaki nikanunua tokeni, maana maji yakipotea nitakula matusi kabla ya chai. Mama wa ngazi hakupata kitu. Na huu ulikuwa mwezi wa pili.

Sasa tuangalie vizuri kilichotokea hapo. Ngazi hazikukosa kuoshwa. Zilioshwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa kama kawaida. Kama zilioshwa, basi kuna mtu aliyelipia, na mtu huyo ni yeye. Mama aliyechuma majani chai kwa mkono miaka mingi, mpaka mashine za kuchuma zikaja na vibarua wakaambiwa waende nyumbani, ndiye sasa amewakopesha wenye nyumba shilingi 9,000 bila riba. Hakuna aliyemwomba mkopo huo kwa heshima. Waliuchukua tu. Nilipomwomba msamaha aliniambia, "Kijana, wewe usijali. Jumatano nitakuja." Afadhali angenitukana.

Nikiwapigia wenye nyumba simu, napata majibu matatu. Nayajua kwa moyo kama sala.

La kwanza: "Mimi sikai huko. Nilipie balbu ya ngazi nisiyopanda?" Mwalimu, kwa heshima, kodi yako inapanda ngazi hiyo kila mwezi. Mpangaji wako wa orofa ya tatu hafiki mlangoni kwa kuruka. Toa ngazi, toa maji, toa soja, halafu uniambie nyumba yako ni ya pesa ngapi.

La pili: "Mpangaji ndiye anayetumia, alipe yeye." Sawa, lakini hukumwandikia hivyo kwenye makubaliano. Ulimwambia kodi ni hii, na maji na taka zimo ndani. Umeshapokea pesa ya taka kutoka kwake, ukaitia mfukoni, kisha unaniambia nimdai tena. Na mpangaji ni mtu wa kuja na kuondoka. Paa likioza, hatahama nalo.

La tatu ndilo linaloniuma, kwa sababu lina ukweli: "Pesa zinaliwa." Naam, huliwa. Mwaka jana niliwahi kuchukua 1,400 za mchango nikanunua unga na bando, nikazirudisha baada ya wiki mbili nilipolipwa kazi yangu. Hakuna aliyejua. Nimeandika hapa ili ijulikane. Lakini mtu akihofia wizi anadai daftari, anadai risiti, anakuja mkutanoni na kunifukuza kazi ikibidi. Katika miaka miwili hakuna hata mmoja wa wasiolipa aliyeomba kuona daftari. Basi wizi kwao ni kisingizio tu.

Mvua ya Aprili ilipokuja, shimo la choo lilijaa likafurika. Akiba ilikuwa haitoshi lori. Siku sita maji machafu yalipita mbele ya milango ya nyumba za chini, watoto wakiyaruka kwenda shule. Mtoto wa nyumba namba mbili alilazwa siku nne kwa kuhara. Daktari hakusema ni maji yetu, nami sitasema. Ninachojua ni kwamba nilipomwomba mwenye nyumba mmoja wa orofa ya juu achangie lori, alijibu kwamba kwake hakuna shida. Ni kweli. Maji taka hayapandi ngazi. Yanashuka, na juu ndiko yalikotoka.

Kenya ina sheria kuhusu jambo hili: Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2020, iliyochukua nafasi ya ile ya 1987. Tanzania walitunga ya kwao 2008. Kwa kifupi inasema ukimiliki nyumba ndani ya jengo, unamiliki pia fungu lako la sehemu za pamoja, na huwezi kuuza moja ukabaki na jingine. Plani ya jengo ikisajiliwa, wenye nyumba wote wanakuwa shirika moja lenye wajibu wa kutunza sehemu hizo na kuwatoza wanachama gharama zake. Jengo letu halijasajiliwa hivyo. Hati ni moja, imelala kabatini kwa mweka hazina. Kwa hiyo undugu wetu wa choo unategemea huruma.

Na majengo yanaongezeka. Tangu Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, mfanyakazi anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho. Tumegombana sana kuhusu nani alipie kujenga. Sijasikia tukigombana kuhusu nani ataosha ngazi mwaka wa tano.

Sisi Wakipsigis si wageni wa mambo haya. Gogo yangu hukumbuka kokwet, boma jirani kwa boma, wakikaa chini ya mti kuamua mpaka wa nani umesogezwa na njia ya ng'ombe ya kwenda mtoni itatengenezwa lini. Aliyekuwa na ng'ombe mmoja na aliyekuwa na 30 walitoka wote na majembe. Tumezichukua zile boma, tukazipanga moja juu ya nyingine kwa mawe na saruji, na kokwet tukaiacha chini ya mti.

Mkutano wetu ni Jumamosi. Nitapeleka mambo manne. Kwanza, mchango ukatwe kwenye kodi kabla kodi haijamfikia mwenye nyumba. Pili, deni liandikwe kwa namba ya nyumba na kubandikwa ukutani penye ngazi, pamoja na daftari langu lote, zile 1,400 zikiwemo. Tatu, wapangaji wakae mkutanoni na wasikizwe, kwa sababu wao ndio wanaoishi na harufu. Nne, hati itoke kabatini tuanze kusajili.

Lakini kabla ya hayo yote, kabla ya maombi ya kufungua mkutano, mama wa ngazi alipwe 9,000 zake. Nimemwomba aje. Atakaa mbele, kwenye kiti, na hatashika ufagio. Walimu wamtazame wakijadili ufa ni wa nani.